Karanga Mbele ya Mama Mkwe

Haya, chekeni kwanza, mmalize, ndipo nianze, maana najua hapa kuna watu walioisikia habari hii kwa midomo ya wengine, na kila mdomo umeongeza kuku wawili. Kuku walikuwa saba. Niliwahesabu mwenyewe, tena nikiwa nimelala chini. Aibu niliyoipata siku ile pale Luena, mbele ya ukoo wa mke wangu, sijawahi kuipata kabla wala baada yake, na ndiyo maana naisimulia mwenyewe badala ya kuwaachia nyinyi.

Miaka ile ndege za Base, ile kambi ya wanajeshi pale Kamina, zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza kutupitia juu ya vichwa, na mimi nilikuwa nafanya kazi kwenye shamba moja la mifugo nje ya Kamina, kazi ya kufundisha maksai kukokota mikokoteni na majembe. Watu wengi hudhani maksai anafundishwa kwa fimbo. Hapana, jamani, ukimpiga utamfundisha kukuogopa, basi, na siku akiona huna fimbo hakujui. Mimi nilitumia chumvi. Unasema “songa”, unangoja, hata saa nzima unangoja, na mara anapoinua mguu mmoja tu kuelekea unakotaka, unamlambisha chumvi kiganjani papo hapo, si baada ya hatua ya pili, si jioni. Mkono mtupu haulambwi, na mkono unaochelewa ni mbaya zaidi (nilikuwa na dume mmoja aliyekojoa kila nikimwambia “simama”, kwa sababu siku za mwanzo mkono wangu ulichelewa, akadhani nasifu kile kitu kingine).

Kwa hiyo kwa maksai nilikuwa mtu wa subira, shamba zima lilinisifu. Kwa watu nilikuwa na mdomo mchafu. Sikupiga mtu, lakini nilitukana, na nikitukana natukana na marehemu, na aliyepata sehemu kubwa ni mke wangu Masengo, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Siku ya mwisho aliniuliza kama nitakula bukari, ugali wetu, na samaki au na sombe, yale majani ya muhogo. Nikasema samaki. Akaniuliza tena, kwa sauti ya kawaida kabisa, samaki au sombe? Nikapindua meza. Nikamtukana yeye, nikamtukana samaki, nikaingia na kwao Luena, nikatukana mpaka majirani wakatoka nje.

Masengo hakulia. Alikunja mkeka wake, akafunga nguo zake kwenye kitambaa, akasimama mlangoni.

“Ngoy,” akasema, “maksai yako ikifanya mubaya, unaingojea. Ikifanya muzuri, unaipatia chumvi. Minyi, miaka ine kwa nyumba yako, unanipatiaka nini?”

Akapanda gari moshi, akarudi kwao.

Wiki ya kwanza nilikasirika, ya pili nikaanza kuona nyumba ni kubwa, ya tatu nikamtuma mtu Luena na salamu, na salamu zikarudi kama zilivyokwenda. Nilimpenda Masengo. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu wakati ule sikumwambia, na nilijua nikienda kumwomba msamaha bila kubadilika nitamtukana tena kabla ya Pasaka. Nilikuwa nimeshaahidi mara nyingi. Ahadi zangu hata padri alikuwa amezichoka.

Ndipo siku moja, nikimlambisha dume chumvi, nikajiambia: Ngoy, huyu kichwa chake ni kigumu kuliko chako, na amebadilika kwa miezi miwili. Wewe umejifunza nini? Sijui kwa nini ilinichukua muda mrefu hivyo, lakini ndiyo hivyo, nikaamua kujifundisha mwenyewe kama ninavyofundisha maksai.

Kwanza nikataka kujua ukubwa wa ugonjwa. Nikafunga kamba kiunoni, na kila nikitukana mtu napiga fundo. Siku ya kwanza jua halijatua kamba ilikuwa na mafundo kumi na tisa, nikalazimika kuunga kamba nyingine. Nilishtuka, maana mimi nilijihesabia matano, labda sita. Halafu kwa kila fundo nikajiuliza: kabla ya hili kulitokea nini? Hapo nikasaidiwa na Mutombo, karani wa shamba, mtu wa Kasai, mpole, mwenye kalamu sikioni, ambaye jioni alinikalisha na kuniuliza fundo moja moja kama padri kwenye kitubio. Baada ya siku chache jambo likajionyesha lenyewe: nilitukana nikiwa na njaa, na zaidi ya hapo nilitukana nikiulizwa swali mara ya pili. Jambo lenyewe ndilo hilo tu. Mtu akiniuliza mara moja, mimi ni ndugu yake, akirudia swali, kitu kinanipanda kifuani kana kwamba ameniita mwongo.

Ya njaa ilikuwa rahisi, nikaanza kula kiazi kabla ya kutoka kazini. Ya swali la pili ilitaka chumvi. Nilijaribu chumvi yenyewe (chekeni tu), nikawa nakunywa maji siku nzima na kukimbilia porini, nikaiacha. Nikachukua karanga za kukaanga. Nikajaza mfuko wa kulia wa suruali, na nikamwomba Mutombo aniulize kila kitu mara mbili. Tulianza na dogo, tukiwa wawili tu, kwa sauti ya chini: “Ngoy, umekula?” Ndiyo. “Umekula?” Ndiyo, na hapo hapo karanga mbili mdomoni. Tulipoona hiyo imezoeleka, akaniuliza mbele ya watu. Kisha nikiwa na njaa. Kisha siku maksai aliponikanyaga mguu, Mutombo akaja mbio, akasimama mbele yangu, akauliza, “Inauma?” nikasema inauma, akauliza tena, “Inauma?” na wenzangu wote wakarudi nyuma hatua tatu. Nikatafuna karanga. Machozi yalikuwa yananitoka lakini nilitafuna.

Mafundo yakashuka. Kumi na tisa yakawa kumi na moja, yakawa manne, na wiki moja nzima ikapita na fundo moja tu (lilikuwa la bata wa jirani, na mpaka leo nasema alistahili). Sijawahi kujisikia vile. Nilikuwa natembea Kamina nikisalimia watu ambao zamani walivuka njia wakiniona.

Basi ukoo wa Masengo ukaniita. Jumapili, baada ya misa, nije nijieleze mbele ya baba yake na wazee, na siku hiyo itaamuliwa kama Masengo anarudi kwangu au inazungumzwa habari ya kurudisha mahari. Mutombo akaniazima suruali yake nzuri ya kijivu. Na akaniambia neno moja ambalo lau ningelisikia, leo msingekuwa na cha kucheka.

“Ndugu, acha kalanga hapa. Kidogo kidogo ulipaswa kuzipunguza. Sasa mukono yako inaenda yenyewe.”

“Siku ya vita muntu anaachaka mukuki kwa nyumba?” nikamjibu.

Hilo ndilo kosa langu lote, hilo tu. Nikazijaza mfukoni.

Sasa, kwa wasiotujua sisi Baluba: mkwe na mama wa mke wake hawazoeani. Humwangalii usoni, humpi mkono, mkikutana njiani mmoja anaingia majanini. Lakini kubwa kuliko yote ni kula. Kuliko kula mbele ya mama mkwe, ni heri utembee uchi sokoni, maana uchi watasema umerukwa na akili, watakuhurumia. Mtu anaweza kuwa mkwe miaka ishirini na mama wa mke wake asijue kama ana meno.

Nilifika Luena Jumamosi, nikalala kwa fundi mmoja wa reli niliyefahamiana naye, na Jumapili baada ya misa nikaenda. Walikuwa wamenipangia kiti kidogo katikati ya ua. Wazee wako mbele yangu kwenye viti. Masengo amekaa upande na wanawake, hanitazami. Na nyuma yangu, mlangoni mwa jiko, mama mkwe amekaa juu ya mkeka, ametupa mgongo, kitambaa kichwani, kama inavyotakiwa, ili asikie bila kuona.

Baba mkwe alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye makaa ya mawe, na mashine zilimwachia masikio mabovu. Mnaona ninakoelekea. Mtu wa namna hiyo huuliza kila kitu mara mbili. Nilijua, nilikuwa nimeshakaa naye kwenye sherehe zote, lakini katika mazoezi yangu yote na Mutombo sikuwahi kumfikiria.

“Ngoy. Weye ulimutukanaka mutoto yangu?”

“Ndiyo, papa. Nilimutukanaka. Naomba pardon.”

“Nasema hivi: ulimutukanaka mutoto yangu?”

“Ndiyo, papa.”

Kifuani hakukupanda kitu. Mnasikia? Hakuna. Nilifurahi mpaka masikio yakawaka, na katika furaha ile nikahisi mkono wangu wa kulia uko mfukoni. Nikautoa haraka, nikaukalia.

“Na ile meza, ulipindua?”

“Nilipindua, papa.”

“Ile meza. Ulipindua?”

“Nilipindua.”

Naapa mbele yenu, sikujua mkono ulitoka saa ngapi. Nilijua tu nilipopata ladha. Karanga mbili zilikuwa ulimini mwangu, mbele ya wazee wanane, na mama mkwe hatua sita nyuma yangu. Mazoea yana tabu, jamani. Kutema sikuweza, utatemaje mbele ya wakwe? Kumeza nzima niliogopa, kutafuna ndiyo kabisa, ua ulikuwa kimya, ungesikika mpaka stesheni. Nikazisukuma shavuni na ulimi. Na baba mkwe akaendelea, swali mara mbili, swali mara mbili, na kila la pili mkono ulikwenda na kurudi, nikiushika na wa kushoto unaponyoka, mpaka mashavu yote mawili yakajaa na sauti yangu ikawa nzito.

“Utamutukana tena?”

“Apama, papa.” “Hapana” ilikwama kwenye karanga.

“Nasema, utamutukana tena?”

“Apama.”

Mzee mmoja mwenye huruma akamgusa mwenzake. “Analia. Muangalie, ule muntu analia.” Akaniinamia. “Lia tu, mutoto, ni muzuri kulia. Hiyo hasira njo inatoka.” Na nyuma yangu nikamsikia mama mkwe anavuta makamasi, naye ameanza kulia kwa ajili yangu, na wanawake wakafuata, na mimi pale katikati nikalengwa na machozi kweli, kwa sababu karanga moja ilikuwa imeelekea kooni.

Hapo akaja kuku wa kwanza. Suruali ya Mutombo ilikuwa na tundu mfukoni (karani mzima!), na kila mkono ulipoingia na kutoka ulilipanua, karanga zikawa zinashuka moja moja ndani ya mguu wa suruali na kutokea kwenye kiatu. Kuku akadonoa. Nikamsukuma kwa kisigino, polepole. Akaita wenzake.

“Ngoy,” akasema baba mkwe, “hii bakuku banatafuta nini kwa miguu yako?”

Nikakunja miguu chini ya kiti.

“Nasema, bakuku banatafuta nini?”

Nikaona bora niinuke, niombe ruhusa ya kwenda msalani. Nikainuka ghafla, na mfuko ukaachia. Karanga zilishuka zote pamoja, zikaenea uani, kuku wakazivamia, mmoja akaruka kupita bega la mama mkwe, mimi nikarudi nyuma nimkwepe mwingine, kiti kikanikwaza, nikaanguka chali, na pale chini, katikati ya kuku saba, ile karanga ikaingia ilikokuwa ikitaka kuingia. Sikupata pumzi. Nilijaribu kusema “pardon” na hakuna kilichotoka. Wazee wamesimama, kila mmoja anamwambia mwenzake afanye kitu, anga linaanza kuwa jeusi machoni mwangu, nikajiambia nakufa, na nitazikwa na hadithi hii.

Mtu akanishika ukosi, akaniinua nikakaa, akanipiga mgongoni mara tatu, kwa nguvu ya mtu aliyetwanga mihogo maisha yake yote. Karanga zikatoka, zote, za kooni na za mashavuni, zikamwagika mbele ya miguu ya wazee.

“Yoo! Muntu anakufa na munaangalia tu!”

Nikageuka kumshukuru. Alikuwa mama mkwe. Tukatazamana, uso kwa uso, kitambaa kimemwanguka, mdomo wangu wazi na maganda ya karanga kidevuni. Basi sasa alijua kama nina meno. Akapiga ukelele, akajifunika, akakimbilia jikoni, akafunga mlango.

Baba mkwe akaziangalia karanga, akaniangalia.

“Ulikuwa unakula?”

“Ndiyo, papa. Nilikuwa nakula.”

“Mbele ya mama-mukwe yako. Ulikuwa unakula?”

“Ndiyo, papa,” nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya upole, na mfuko ulikuwa mtupu. “Nilikuwa nakula. Haya yangu ni kubwa.”

Wazee wakaanza kusema wote kwa pamoja, huyu ni mchawi, huyu ni mjinga, huyu asipewe hata maji, na nilikuwa natafuta kofia yangu niondoke kabla ya kufukuzwa, Masengo aliposimama.

“Papa, sikiliza kwanza. Tangu tulikaa, unamuuliza kila neno mara mbili. Kule Kamina, ukimuuliza mara mbili, anapindua meza. Leo alipindua nini?”

“Alipindua kiti,” akasema mzee mmoja.

“Kiti kilianguka pamoja naye. Hakutukana ata kuku.” Akanigeukia, mara ya kwanza tangu asubuhi. “Ngoy, hii kalanga ni ya nini? Sema.”

Nikasema. Nikafungua kamba kiunoni, nikawaonyesha (mmoja akauliza kama ni dawa ya mganga, nikamwambia ni hesabu ya matusi), nikaeleza mafundo, swali la pili, Mutombo, maksai, yote, nimekaa chini mavumbini na kuku wanamalizia. Sikuwahi kusema maneno mengi hivyo bila tusi hata moja. Nilipofika kwenye bata wa jirani, mzee mwenye huruma alikuwa ameziba mdomo, mabega yanatikisika, na mara ua wote ukapasuka kwa kicheko, na jikoni nyuma ya mlango uliofungwa nikasikia mtu anacheka kuliko wote.

Baba mkwe peke yake hakucheka. Aliamua hivi: nitaleta kitambaa cheupe na jogoo kwa mama mkwe kufuta aibu, na sikukuu tatu nisikanyage ua wake. “Na ya kurudi Kamina,” akasema, “ni mudomo ya Masengo.” Masengo akaingia jikoni kwa mama yake.

Nikaenda stesheni peke yangu, nikakaa na suruali ya watu iliyochanika. Treni ya mchana ilikuwa imechelewa. Nilikuwa nimeshakata tamaa nilipomwona anakuja kando ya reli, mkeka kichwani, anatembea taratibu kama mtu anayekwenda mtoni. Akafika, akautua.

“Unarudi na mimi?” nikamuuliza.

Akafunga vizuri kitambaa chake.

“Masengo. Unarudi na mimi?”

Akanitazama, akatabasamu kidogo. “Weye unauliza mara mbili, minyi sikasiriki,” akasema. “Ndiyo. Narudi.”

Hapo ndipo nilipoelewa, na Mutombo na kamba yangu hawakuwahi kunifundisha hilo. Anayekuuliza mara ya pili hakuiti mwongo. Anauliza kwa sababu jibu lako ni kitu kikubwa kwake, samaki au sombe, anataka kukupikia unachopenda. Miaka minne nilikuwa nimelitukana swali lile, na siku ile lilitoka mdomoni mwangu mwenyewe.

Hasira haijaisha, msinitazame hivyo, mafundo bado napiga, moja kwa mwezi, mawili ukija msimu wa mvua. Lakini mifuko ya suruali zangu zote Masengo ameishona ikafungika, na nimeapa mbele yake na mbele ya padri: karanga nitakula nyumbani kwangu, nimekaa, mimi nikiwa Kamina na mama mkwe akiwa Luena.